Jemu ya Montana kwenye maonyesho ya Iowa

Joleen, nimejifungia chooni hapa kwenye maonyesho ya Iowa. Usicheke.

Mzee mmoja kanunua chupa ya jemu, akauliza, "Dada, mbona hukunitoza kodi?"

Nami kwa maringo: "Kwetu Montana hatuna kodi ya mauzo, mzee!"

HATUNA KODI! Mdomo wangu huu!

Akatoa kitambulisho. Mtu wa kodi, Joleen! "Ukiuza Iowa unajisajili Iowa. Kwenu hakuhusiki."

Nikaapa ndiyo mara yetu ya kwanza kuja. Akalainika kidogo. Nikasingizia tumbo, nikakimbia.

Sasa kupitia dirisha la choo namsikia mume wangu, aliyekuwa ametoka kidogo, amerudi kwenye meza yetu ya jemu, anamkaribisha yule mtu wa kodi mkate: "Onja, mzee! Sisi hapa ni wenyeji, hakuna mwaka tuliokosa!"