Neno Lililoitangulia Ngazi

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nakuomba msaada, maana ulimi wangu umegeuka silaha. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Zuzu, na mume wangu, Baba Hilda, ni mtu asiyetulia nyumbani, basi Jumamosi alipanda ile ngazi yetu ya miti iliyoliwa na mchwa ili akaze bati, huku akisema akishuka tu anakwenda Kizota kutazama mpira, nami kwa hasira nikamwambia, "Heri uvunjike mguu, labda utakaa na mimi," na kabla sijafunga mdomo ngazi ikakatika, akaanguka, mguu ukavunjika kweli, na tangu hapo namuuguza kwa ishara, uji nampa kimya, nikiogopa kwamba nitakalotamka litatimia, naye ananiambia, "Mama Hilda, hata kunigombeza umeninyima? Mguu wenyewe hauumi hivi," nami nakwenda kulia jikoni, na nimeshafunga mzigo niende kwa mama yangu huko Kongwa, nimwepushe mume wangu na kinywa changu. Je, niondoke?

Germana, Zuzu

Marahaba, Germana binti yangu, na poleni nyote wawili. Fungua huo mzigo kwanza, ndipo tuzungumze.

Umeandika mwenyewe kwamba ngazi ililiwa na mchwa. Mchwa walifanya kazi yao kimya, muda mrefu. Wewe ulifika mwishoni ukajitwika kazi yao yote, kwa sababu tu neno lako na kishindo vilifuatana. Mara ngapi umemwombea mabaya kwa hasira, naye akarudi salama akidai chakula? Hizo hukuziandika.

Sasa tazama shamba lako. Unapogoa leo, vichala vinaiva baada ya miezi, na siku ya kuvuna unasema, "Mwaka huu mzabibu umejitahidi." Mkono wako umeusahau! Jambo likitokea papo hapo, unalibeba hata lisilo lako. Likikawia, unalikana hata lililo lako. Mume anayelilia kugombezwa nawe hakuota porini, mwanangu. Umempogoa miaka yote hii kwa upendo. Hilo ndilo lako.

Kauli yako ilikuwa mbaya, sitakuficha. Leo ukimpelekea uji, keti kando yake umweleze hofu yako, na umwombe radhi kwa ajili ya neno ulilosema, si kwa ajili ya mfupa uliovunjika. Kisha mgombeze kidogo, maana ameomba. Ngazi ile ipasue kuni, umchemshie chai.

Na akipona akataka kwenda Kizota, mwambie tu, "Uwahi kurudi." Akichelewa siku hiyo, usikate tamaa: wewe ni mkulima wa zabibu.