Babu Kasereka Hakuwa Mtoto Pekee

Goma, Katoyi, Jumatano

Papa,

Nakusalimu wewe na mama. Kikohozi chako kimepungua? Mvua haijaozesha viazi? Mimi ni mzima wa mwili. Nakuandikia kwa sababu nilipotaja Kambale kwenye simu, ulikata. Barua haikatiki. Jirani yetu, mama muuza vitenge, anapanda ndege kesho kuja huko Butembo kwa kuwa vita vimefunga barabara. Atakupa mkononi.

Mwalimu wa historia alituagiza tuandike siku moja ya babu alipokuwa mtoto. "Muulize watu, musitunge," alisema. Nilimuuliza shangazi hapa nyumbani. Akajibu kwamba babu alikuwa mtoto pekee, hakuna la kusimulia.

Jumamosi mzee mmoja alibisha mlangoni. Alitoka kwenye mahema ya wakimbizi kule Lac Vert, amevaa viatu visivyofanana. Akasema yeye ni mtoto wa Kambale, kaka ya babu.

"Njaa inapatia watu ndugu!" shangazi akapiga kelele. "Baba yangu alizaliwa peke yake."

"Peke yake, na anaitwa Kasereka?" Mzee akacheka. "Dada, hiyo udanganye Wazungu. Si Munande."

Niliona aibu, Papa. Tangu nikiwa mdogo najua kwamba kwetu Wanande mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Kila jioni nimetaja jina la babu kwenye sala, na sikuwahi kuuliza wale wawili wa mbele wako wapi.

"Kama uko kaka yetu, mbona hukukuja kwa kilio ya baba?" shangazi akauliza.

"Nilikuja. Ndugu yako alinirudisha. Alisema mutoto wa mama mwenye kusema Kinyarwanda hatatupa udongo kwa kaburi ile."

Shangazi ana ndugu mmoja tu. Ni wewe.

Jumapili, baada ya misa, nilimfuata Lac Vert. Tuliketi juu ya mawe ya volkano, nikaandika. Paluku alikufa mdogo, kwa surua. Kambale na babu walilala mkeka mmoja, mbuzi upande wa pili wa ukuta. Asubuhi Kambale alimvusha babu mtoni mgongoni, kwa kuwa babu aliogopa maji baridi. Mama yao alipakua ugali na maharagwe kwenye sahani moja, na mdogo ndiye aliyeanza. Walipokua, walitembea siku nyingi kutafuta chumvi na samaki wakavu, na Kambale alibeba mzigo mzito. Katika safari hizo Kambale alioa Rutshuru, mwanamke msema Kinyarwanda. Tangu siku hiyo nyumbani wakaacha kumtaja.

Najaribu kumwona babu, yule aliyetutisha kwa fimbo, akiwa mgongoni mwa mtu. Wewe ulinifundisha kusema kweli, Papa. Kumbe wewe mwenyewe ulifunga mlango.

Mzee anakohoa, na hema lake linavuja. Nimemwambia aje kula Jumapili hii. Shangazi amesema akiingia yeye, mimi nitoke. Nitamfungulia. Sikuombi ruhusa; naomba upige simu saa sita na umwite kaka. Simu nitaiweka karibu na sahani yake.

Msalimie mama, na mdogo wangu aliyeanza shule. Msalimie bibi zaidi ya wote. Yeye aliolewa katika nyumba ile, hawezi kukosa kujua. Msomee barua hii kwa sauti, usiruke mstari.

Ni mimi binti yako, ninayekukasirikia na kukungoja,

Masika