Macho ya Mama Zaituni

Jumatano jioni

Sufuria yangu imebaki kwa Mama Zaituni, na sioni namna ya kwenda kuichukua.

Nilimpelekea supu ya samaki wa mukeke. Nikamwombea dua, nikamwambia, "Tahuru, inshallah." Hapo ndipo ningeaga, maana adabu ya kumzuru mgonjwa ni kutokaa sana, ila akikuomba mwenyewe. Hakuniomba. Lakini nyumbani kwangu hakuna mtu tangu tumzike mume wangu Saidi, nikakaa. Nikampa habari za soko, bei ya mawese, harusi ya kule Kizuka.

Akafumba macho. Nikapunguza sauti, nikaendelea.

Binti yake Zaituni alichungulia mlangoni mara mbili, ameficha beseni chini ya kitenge. Alipokuja mara ya tatu, mama yake alisema polepole, "Wacha tu, Zaituni. Nimekwisha kulowa."

Nikaona shuka.

"Si kitu, mama," Zaituni akaniambia bila kunitazama. "Murakoze kwa supu."

Nilitoka hata kuaga sikuaga vizuri.

Saidi alipokuwa mgonjwa, wageni wakikaa sana alikuwa anafumba macho. Mimi nilikuwa nawaambia, "Amelala, mutuombee," nao wanaondoka. Kisha anafumbua jicho moja, anacheka, ananiomba beseni. Ilikuwa hivyo mpaka wiki yake ya mwisho.

Hakuna mtu Rumonge anayeijua ishara ile kunishinda. Leo nimeiona kwa mwenzangu, nikaendelea na habari za harusi.