Anayetoa Huonja Kwanza

Mbinga,
9 Oktoba 2024

Dada mpendwa Hildegardi,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti lako limeionaje baridi ya mwaka huu? Nauliza huku najua utasema linakusumbua ukishika jembe tu. Mimi ni mzima wa mwili. Kahawa tumemaliza kuchuma, mvua bado, na Beata wangu amerudi chuoni.

Uliniagiza nikusimulie Ujerumani yote bila kuruka. Kama ujuavyo, marafiki wa parokia yetu kule waliomba waletewe mume na mke, wakulima wa kahawa, waliotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Paroko akatutaja mimi na Hyasinti kwenye matangazo kabla hata hatujaulizwa. Basi tukaenda. Kijiji chenyewe kina miteremko mikali kama ya kwetu Umatengo, ila badala ya mibuni wamepanda mizabibu.

Jumamosi ikawa sikukuu ya divai. Dada, divai! Ile tunayoiona mkononi mwa padri tu, kule wanateremshia soseji. Matarumbeta yanalia, wazee wa umri wako wamepanda juu ya mabenchi wanacheza, na mimi natafuta nani ataibariki kwanza. Mama mwenyeji wetu akanipa glasi nimpelekee Hyasinti. Mkono ukafanya ulichozoea: nikaonja kwanza, kama mama alivyotufunda, kwamba anayempa mtu kinywaji huonja mbele yake ili ajue hakina ubaya. Wenyeji wakacheka, wakadhani nina kiu. Hyasinti hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, akaniambia, "Mama Beata, umeonja kama zamani."

Tukacheza. Nilicheza, dada, na miguu hii! Wakatupiga picha akiwa amenishika bega. Ndiyo ile uliyoiona kwenye simu ya Beata, ukaniandikia kwamba ndoa yangu imekuwa mbichi tena.

Kwa ajili ya maneno yako hayo nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia. Mficha uchi hazai. Wewe ndiye uliyesimamia ndoa yangu, na nimekudanganya miaka mitatu. Hyasinti haishi hapa. Ile biashara ya mahindi ya Kitai tuliyowaambia wewe na Paroko haipo. Amepanga chumba huko, anaishi peke yake. Hakuna mwanamke mwingine. Angekuwepo, ningekuwa na wa kumtukana. Alisema amechoka tu, na tangu hapo hakupokea hata maji mkononi mwangu. Kila ulipotaka kuja nikasema nyumba inapakwa chokaa, sababu ilikuwa hiyo.

Safari niliikubali kwa aibu ya kukataa mbele ya kanisa zima. Lakini baada ya glasi ile niliamini, sikufichi. Kwenye ndege alisinzia begani kwangu, nikakaa bila kujigeuza mpaka mkono ukafa ganzi.

Kutoka Songea tulikaa kiti kimoja. Nikawa nasema moyoni, akipita Kitai, amerudi. Basi liliposimama Kitai akainuka, akamwomba kondakta ateremshe begi lake. Lake tu. Akaniambia, "Asante kwa safari, Mama Beata. Wasalimie nyumbani."

Nikamjibu zimefika. Nyumbani kwenyewe ni mimi na kuku, dada.

Jana nimepika togwa, nyingi, kwa mazoea. Nikajaza kikombe, nikaonja, nikabaki nimekishika tu. Nina upweke, dada, sina neno jingine la kuupamba. Panda gari la asubuhi kutoka Liparamba, uje Jumamosi hata kwa goti hilo hilo. Mawaidha yaache huko, njoo na kiu. Nitaonja mbele yako.

Msalimie shemeji Methodi, na wajukuu wote kwa majina yao. Picha ile usiwaonyeshe watu tena.

Ni mimi mdogo wako,
Albina