Gogo la Mlima Sekenke

Jumatatu, 7 Agosti 1995. Bariadi.
Tandiboi kama mimi hajazaliwa mwingine. Lori likinisikia nakohoa linawaka lenyewe. Darasa la sita niliacha kwa huruma tu, mwalimu alishaishiwa ya kunifundisha. Leo nimefunga turubai juu ya marobota ya pamba peke yangu. Yanakwenda Dar, bandarini. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, matajiri wanakimbizana, na wetu hataki kusikia neno "kesho". Dereva ni baba mdogo Masanja. Kaniahidi: nikilinda tairi vizuri mlima Sekenke, tukifika Singida ananipa usukani. Wasichana wa Ngulyati nimeshawaaga kama dereva kabisa.

Jumatano, 9 Agosti. Mbuga ya Wembere.
Springi imekatika. Kero! Mlima ule pale tunauona, barabara imesimama kama ngazi. Wazee wanasema aliichonga Mjerumani. Hakuwa na marobota huyo. Malori ya wenzetu yanatupita. Tandiboi mmoja kanipigia kelele: "Ngosha, umeota mizizi?" Nimemtukana Kisukuma chote nilichonacho.

Alhamisi, 10 Agosti.
Bado. Fundi kaenda Igunga kutafuta springi, hajarudi. Jua. Njaa. Mbuga hii haina mti, hata kijiti cha kuchokonolea meno. Baba mdogo kanuna: "Tandiboi gani anakosa kuni?" Nani, mimi? Kuni zikapatikana. Nikasonga ugali wa kusimamisha mwiko. Kala, kalamba vidole, kauliza nimezitoa wapi. Nikamwambia mwanamume hakosi. Jioni fundi karudi, springi imefungwa.

Ijumaa, 11 Agosti.
Tumepanda asubuhi. Kona ya tatu injini ikazima, breki hazikushika. Hapo ndipo kazi yangu: kuruka, kuchomoa gogo la mninga linaloning'inia chini ya bodi, kulisukumia nyuma ya tairi. Niliruka. Nikaweka jiwe. Jiwe likateleza. Lori likarudi kinyumenyume likalala korongoni. Marobota yamepasuka, korongo lote jeupe. Baba mdogo alibanwa mguu. Walipomtoa alinishika bega tu. Heri angenitukana.

Jumapili, 13 Agosti. Singida.
Mguu umevunjika chini ya goti. Wamemfunga plasta. Daktari hajui kama ataweza kukanyaga klachi tena.
Mtu wa tajiri kaja wodini, kauliza gogo lilikuwa wapi. Nikatazama sakafu. Baba mdogo ndiye aliyejibu: "Kijana wangu hana kosa. Lilidondoka springi ilipokatika." Kisha kanigeukia. "Si ndivyo, ng'wanawane, mwanangu?"
Nikasema ndivyo.
Kanipa funguo za lori nimtunzie. Ziko mfukoni. Nzito.
Gogo halikudondoka. Nililipasua kwa shoka, nikapikia ule ugali.