Viungo Sita vya Bomba la Candiru

Jumapili, Septemba 1977. Mvua inanyesha tangu alfajiri hapa Oli, na mabati yanapiga kelele hata sisikii pumzi zangu. Labda ni heri.

Miguu imevimba hadi magotini. Daktari wa hospitali ya Kuluva hakunificha kitu, nami sikumwuliza mara mbili. Nilifundisha ufundi wa vyuma miaka ishirini na saba. Najua chombo kinapofika mwisho wake.

Kuna jambo moja limebaki.

Mwaka 1973 maduka ya mjini yalikuwa matupu. Jirani yangu Candiru, mpika enguli, pombe kali ya muhogo, aliniletea vipande vifupi vya bomba la shaba, akaniomba niviunganishe viwe bomba moja refu la kupozea mvuke. Viungo sita. Nilikuwa na lehemu za aina mbili. Moja ilikuwa ya bati safi, kijiti kimoja tu, isiyodhuru chakula. Nyingine niliikwangua kwenye rejeta za malori mabovu, na sehemu kubwa yake ilikuwa madini ya risasi. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba risasi haiguswi na kinachonywewa, kwa kuwa huliwa kidogo kidogo na vitu vichachu, ikaenda kukaa mwilini. Niliwaandikia ubaoni.

Bomba la Candiru nililehemu kwa risasi. Kile kijiti cha bati safi nilikitunza, nikalehemu nacho birika la mke wangu.

Nilijua.

Huku kwetu mpishi wa enguli huonja kwanza, mbele ya wateja, waone hakuna sumu. Candiru ameonja kila chupa kwa miaka minne. Desturi hiyo hukamata sumu inayoua leo. Yangu haina haraka. Kwanza tumbo lilimsokota, kisha akapauka, na tangu mwaka jana viganja vyake vimelegea, havinyanyuki. Ukoo wa mumewe ulikaa kikao, ukasema Ayikoru, mke mwenzake, amemlisha kitu. Wakamfukuza na vyungu vyake. Sasa anaishi Koboko kwa kaka yake, na sokoni hakuna anayenunua chakula mkononi mwake.

Kwenye kikao kile nilikaa viti vya wazee. Sikusema neno.

Leo baada ya kanisa Candiru aliniletea uji, sufuria ameipakata kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikamwambia yote.

Akacheka. "Mwalimu, homa iko napanda kichwa yako. Mimi naonja kila siku. Kama iko sumu, mimi nilikufa zamani."

"Hii huua polepole, ndiyo maana ni wewe uliyeugua. Wateja hunywa leo kwako, kesho kwingine."

Akaliangalia birika juu ya meza.

"Na hii uliweka nini?"

"Bati safi."

"Ya mama iko safi. Ya Candiru, takataka ya lori." Hakupaza sauti. "Na Ayikoru uliangalia tu anabeba vyungu. Wewe mzee ya vitabu!"

Aliondoka bila kuaga. Uji ukapoa.

Saa tisa alirudi ameloa, bomba amelivaa shingoni, akaliangusha sakafuni.

"Vunja. Mimi nataka kuona."

Kiungo cha kwanza nilikigonga kwa nyundo hadi kikaachia, nikaishiwa pumzi. Vilivyobaki alivikanyaga yeye, kimoja baada ya kingine. Bomba hilo ndilo lililokuwa likimlisha.

"Sasa andika," akasema. "Weka jina yako."

Niliandika barua mbili, moja kwa ukoo wa mumewe, moja kwa Ayikoru. Nilieleza lehemu, viungo, birika, na kikao nilichonyamaza. Vidole vyake havishiki karatasi, kwa hiyo nilizifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Ya ukoo ataipeleka leo hii. Kesho asubuhi atapanda lori la Koboko na ya pili.

Nilimpa birika achukue. Alikataa.

Sijui kama mikono ile itapona. Sijui pia kama Ayikoru atamfungulia mlango, au kama akimfungulia atakubali kurudi Oli kukaa na watu waliomwita mchawi. Nimeyaandika haya hapa ili nisije baadaye nikayabadilisha kwa kujitetea.

Lori hurudi Jumatano. Nitajaribu kufika Jumatano nikiwa hai.