Miwani ya Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini lile goti limepoa na wanao hawajambo. Sisi tu wazima, ila mimi nina jambo linanisumbua, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unajua shemeji yako anashona viatu barazani, na ng'ambo ya barabara yuko fundi cherehani, yule mjane anayependa nguo za njano kama mimi. Miaka yote nimemwona mume wangu akimpungia mkono, meno yote nje. Nikimuuliza, eti alidhani ni mimi naleta chakula. Macho hayana pazia, nikamwambia, lakini yako yamezidi.

Basi mwezi uliopita tukaenda kumpima macho. Hata ile herufi kubwa kuliko zote hakuiona. Mtaalamu akatueleza kwamba mtu akiishi na ukungu muda mrefu, ubongo huuzoea, ukajifunza kubahatisha maumbo hata mwenyewe asijue kwamba haoni. Viatu anaviona kwa kuwa viko karibu. Mbali ni rangi tu. Nilicheka njia nzima. Kumbe salamu zote zile zilikuwa zangu.

Akapewa miwani. Siku za mwanzo alilalamika kwamba sakafu imepinda, akawa ananyanyua miguu kama jogoo kwenye matope, mpaka akazoea. Hapo wivu ukanirudia upya: sasa atamwona mjane sawasawa, na mzuri ni mzuri, tusidanganyane. Jana nikapeleka chakula mapema, nikasimama ng'ambo, karibu na mlango wa yule mama, nimchunguze.

Hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi. Mkono haukunyanyuka, tabasamu halikuja. Nilipovuka akaniuliza kwa upole, "Mama watoto, huwa unaniangalia hivyo siku zote?"

Dada, nilimwekea chakula mbele yake. Kwako nakiri: ndiyo, siku zote. Yeye akinichekea kila mchana, nami nikimrudishia uso ule wa kununa, na ukungu ukinisitiri. Nikamwambia avue miwani. Akavua, akala, kisha akasema hata bila miwani bado anauona uso ule.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na goti usilitese.

Ni mimi mdogo wako,
Kisirani, kama mlivyoniita tangu utotoni.